Mtuaji wa Msambweni

Jina lake silitaji, na ukoo wake hauna haja ya kutajwa nami. Wenyewe waliutaja vya kutosha kwenye kila harusi na kila matanga. Msambweni tulimwita Bibi. Watu wa nje walimwita Mtuaji, kwa sababu ndiyo iliyokuwa kazi yake. Kila mji wa pwani yetu ya kusini ulikuwa na mtuaji wake, mtu wa nyumba kubwa aliyezaliwa na uwezo wa kumtua mwenzake jambo lililomlemea moyoni. Ulikwenda kwake na msiba wako, ukausimulia mpaka mwisho, ukaondoka huukumbuki. Aliyeukumbuka ni yeye. Wa Vanga alikufa bila mrithi, wa Tiwi alihamia Mombasa kwa watoto wake akaiacha kazi, ndiyo maana watu walikuja kwetu kutoka Bongwe na Ukunda na hata Kinango, wengine wakiletwa na tuktuk mpaka chini ya ngazi zake.

Nilimtumikia tangu nilipomaliza kidato cha nne. Niliwapokea wageni, nikawapikia kahawa, nikamsomea ujumbe wa simu, maana alikuwa na simu nzuri ambayo hakupenda kuishika. Nyumba yake ilikuwa ya mawe, ya ghorofa moja, na sote tulivua viatu chini. Yeye peke yake alivaa mitalawanda huko juu, na ukiwa jikoni uliweza kujua amekasirika au ametulia kwa namna mti ule ulivyogonga sakafu.

Ukimwamkia alikuacha kwanza usimame. “Shikamoo, Bibi.” Anakutazama miguu, anakutazama mikono, halafu: “Marahaba. Wewe ni wa nani?” Aliwauliza hivyo hata watu aliowajua tangu wanatambaa. Mimi aliniuliza kila asubuhi kwa muda mrefu, nami nikajibu kila asubuhi, “Ni Mishi wa Mwanajuma, Bibi.” Siku aliyoitikia marahaba bila kuuliza, nilifanya kazi mpaka jioni nikitabasamu peke yangu kama niliyeposwa.

Alijulikana kwamba hali chakula mbele za watu. Chakula chake kilipelekwa chumbani kimefunikwa kawa, kikarudi kimeguswa kidogo tu, kama inavyopasa kwa watu wa nyumba zile. Lakini alasiri alinituma kwa mama muuza viazi karai, pale wanapoegesha vijana wa bodaboda. Nilivificha na gazeti lake ndani ya buibui, nikapanda navyo, nikavipanga kwenye sahani ya kaure. “Gazeti lisionekane,” aliniambia. Alivila kwa ukwaju mpaka akalamba vidole, kisha akanitazama kwa ukali kana kwamba mimi ndiye niliyekuwa nikilamba.

Kazi yenyewe haikuwa na mbwembwe. Mgeni alikaa mkekani, Bibi kwenye kiti chake, mikono yao imeshikana chini ya leso. Bibi aliuliza, “Nikutue?” Mgeni akajibu, “Nitue.” Akaanza kusimulia. Katikati Bibi aliuliza tena, na mwisho akauliza mara ya tatu, na mtu akisita mahali popote aliachiwa mikono akaambiwa arudi siku nyingine, au asirudi. Sheria hiyo alinifundisha kabla hajanionyesha jiko liko wapi.

“Sichukui nisichopewa,” alisema. “Mtu anayechukua asichopewa anaitwaje?”

“Mwizi, Bibi.”

“Basi.”

Ikiisha, mgeni alifumbua macho kama mtu aliyeamka usingizi wa mchana. Wengi waliuliza, “Nimekuja kufanya nini hapa?” Hapo ilianza kazi yangu. Nilimpa kahawa, nikamwambia, “Umekuja kumjulia hali Bibi,” nikamshusha mpaka kwa jamaa zake. Jamaa zake, na mtaa mzima, walinyamaza tangu siku hiyo. Kumtajia mtu jambo alilotuliwa ni utovu wa adabu kupita tusi. Unaweza kukaa na jirani miaka, mnaazimana chumvi, nawe unajua kitu cha maisha yake ambacho yeye hakijui.

Nikienda Ukunda kununua vitu nilisikia watu wa bara wakimwita mchawi. Nilibishana nao pale pale dukani. Niliwaambia mchawi hakuulizi, Bibi anakuuliza mara tatu.

Kulikuwa na dereva wa lori la mchanga aliyemgonga mtoto wa shule. Alikuja amekonda. Alisema “nitue” kabla hajaulizwa. Bibi alimsikiliza mpaka mwisho, akavuta mikono yake kutoka chini ya leso.

“Hili litakaa na wewe,” alimwambia. “Mama wa yule mtoto analo. Nawe uwe nalo.”

Yule mtu alikaa ngazini akilia, nami nikamwonea huruma, lakini nilirudi jikoni najivuna. Niliona ninatumikia nyumba ya haki.

Mwezi haukuisha, akaja mwanamume wa ukoo wa Bibi, kanzu imepigwa pasi, tumbaku imemkolea. Alikuwa ameuza shamba la urithi huko Bongwe, na dada zake wawili wakatolewa vyombo nje, mmoja wao akiwa na mkamba, kikohozi cha kumwangusha. Sasa alikuwa hapati usingizi. Bibi alimtua kabla kahawa haijachemka. Nilimwona akishuka akipiga mluzi. Dada zake mpaka leo wamepanga chumba kimoja, na wakimlaumu huwatazama kwa mshangao wa kweli, kama mtu aliyesingiziwa.

Nilimuuliza Bibi. Nilichagua maneno, lakini niliuliza.

“Yule ni wa kwetu,” alisema.

“Na dada zake?”

“Wa kwetu hawabebi, Mishi. Wameshabebewa tangu zamani.” Akaniomba nimsogezee mto wa mgongoni, na mazungumzo yakaishia hapo.

Ningeweza kumchukia kuanzia siku ile kama si mwanamke wa Diani. Huyu alikuwa Mkamba, mfuaji kwenye hoteli moja ya ufukweni, mtu wa kanisa. Alimkuta mumewe amekufa bafuni, na tangu hapo alishindwa kusikia maji yakitiririka, naye kazi yake ni kufua. Pasta wake alimkataza kuja. Alikuja hivyo hivyo, Biblia ndani ya mkoba, na alipofika chini ya ngazi miguu ikamgomea. Nikapanda kumwambia Bibi kwamba mgeni hawezi kupanda.

Nikasikia mitalawanda ikishuka. Sikuwahi kuisikia ikishuka kwa ajili ya mtu yeyote. Bibi aliketi kwenye ngazi ya mwisho kabisa, penye mchanga na maganda ya korosho, bega kwa bega na yule mfuaji, akamwambia, “Karibu, mgeni wangu. Tutakaa hapa hapa.” Ikawa ndivyo. Yule mama alirudi kazini wiki ile ile.

Baada ya hapo Bibi hakuweza kuoga mlango ukiwa umefungwa. Aliniita nisimame nje niwe nazungumza, lolote, bei ya unga, mradi asikie sauti ya mtu. Na adhuhuri moja nilimkuta kitandani analia, akiita jina la mwanamume nisiyemjua, akisema naye Kikamba safi. Bibi hakujua neno moja la Kikamba. Nilikaa sakafuni nikamshika mguu.

“Hayapotei,” aliniambia alipotulia. “Watu hudhani yanapotea. Yanahama tu.”

Kwa hiyo nilimpenda. Nilimpenda na viazi vyake na dhuluma yake. Niliolewa na Bakari, askari wa hoteli, nikaendelea kwenda kwa Bibi kila nilipopata nafasi. Kisha nikaugua. Mwaka ule wa ugonjwa sina kumbukumbu zake nyingi: dari ya hospitali, kovu la kidole tumbo, mama akinilisha uji kwa kijiko. Nakumbuka pia siku nilipopata nafuu. Nilifumbua macho kwenye mkeka wa Bibi, mama kaniinamia na kikombe cha kahawa. “Umekuja kumjulia hali Bibi,” akaniambia. Nikanywa. Sikuona ajabu, kwa nini nione? Ilikuwa kweli kwamba mara nyingi nilikwenda kumjulia hali.

Tangu hapo Bibi alikuwa mpole kwangu mpaka watu wakasema. Aliniuliza kama nimekula. Alinikataza kubeba ndoo. Idi moja alinitazama nikipanga vikombe, machozi yakamtoka, nikadhani ni uzee.

Miaka ikapita, nikashika mimba. Furaha yangu ilikuwa kubwa, na niliona ajabu kidogo kwamba mama na Bakari walifurahi kwa woga. Nilikwenda kliniki ya akina mama peke yangu. Nesi alikuwa mgeni, ametoka bara, hajamaliza mwezi kwetu.

“Mimba ya ngapi, mama?”

“Ya kwanza.”

Aliposhusha leso kunipima tumbo alisimamisha mkono. “Na hii ni nini?”

“Kidole tumbo. Nilipasuliwa zamani.”

Akacheka kidogo, halafu akaona mimi sicheki. “Mama, kidole tumbo hukatwa hapa upande. Hii imekatwa chini, kutoka huku mpaka huku. Hii ni opareshoni ya mtoto. Wewe ulishazaa.”

“Sijazaa.”

“Usinifiche, mama. Mimi sikulaumu. Lakini ukija kujifungua na sisi hatujui, hili kovu linaweza kuachia mkaenda wote wawili.” Akachukua kalamu yake. “Sasa niambie, huyo mtoto wa kwanza yuko wapi?”

Nilifunga leso yangu nikatoka. Nilimkuta mama uani, amekalia mbuzi, anakuna nazi.

“Mama, mimi nilizaa?”

Hakuinua uso. Aliendelea kukuna mpaka nyama ya nazi ikaisha, akawa anakuna kifuu, na chembe nyeusi zikaanguka ndani ya nazi yote ile nyeupe ambayo ingekuwa ya chakula cha mchana.

“Nani amekwambia?” alisema.

Nikakaa chini. Alinisimulia kidogo kidogo. Alikuwa mtoto wa kike. Homa ilimchukua kwa siku chache kabla hajatimiza mwaka. Mimi niliacha kula, nikaacha kusema, nikawa natoka nyumbani nakwenda ufukweni na nguo zangu zote, na watu wananirudisha.

“Ningefanya nini?” mama aliuliza. “Ningekuzika na wewe?”

“Nilisema nitue?”

“Mishi.”

“Nakuuliza, mama. Nilisema?”

“Muulize Bibi,” alisema, akainuka kuimwaga nazi.

Bakari aliporudi kutoka kazini alikuta nimemngojea kitandani. Hakuhitaji kuambiwa. Aliketi ukingoni akaanza kufungua kamba za viatu vyake vya kazi, akazifungua, akazifunga tena.

“Kila siku nilikuwa nangoja uniulize,” alisema.

“Alifanana na nani?”

Alivua viatu, akajilaza. Baadaye, ameshanipa mgongo, alisema, “Mimi hakuna aliyenitua.” Na nilipokuwa tayari kumtukana, nikaona mabega yake, nikaacha.

Kila niliyekutana naye njiani wakati ule alikuwa anajua. Fundi cherehani alijua. Mama wa viazi karai alijua. Waliniamkia kwa upole ule ule wa siku zote, na sasa nilielewa upole ule ulikuwa wa nini. Nilikuwa nimeishi kati yao kama mgeni anayesubiri kushushwa ngazi.

Sikwenda kwa Bibi. Aliagiza watu waniite, sikwenda. Nilijifungua salama, kwa opareshoni, mtoto wa kiume, na yule nesi akanishika mkono muda wote. Mwanangu alipoanza kukaa mwenyewe ndipo niliposikia kwamba Bibi yu mahututi. Nikamfunga mgongoni nikaenda.

Mjukuu wa dada yake alinifungulia. Bibi alikuwa amelala chali, miguu nje ya shuka, mitupu, midogo kama ya msichana. Katika miaka yote ile sikuwahi kuiona miguu yake.

“Shikamoo, Bibi.”

“Marahaba, Mishi.” Akamwona mtoto. “Mlete nimwone.”

“Huyu simleti.”

Alitikisa kichwa polepole. “Umejua.”

“Nimejua.”

“Nani alisema?”

“Nesi. Aliona kovu.”

“Nesi wa wapi?”

“Wa bara.”

“Ndiyo,” alisema. “Wa hapa asingesema.”

Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima. Yalibaki mawili. “Nirudishie, Bibi.”

“Hayarudi. Yangekuwa yanarudi, unadhani ningelala nayo hivi?” Akavuta pumzi. “Naweza kukusimulia tu. Itakuwa kama ninamsimulia mpita njia.”

“Simulia.”

Akafumba macho. “Jina lake Mwanaidi. Alizaliwa wiki ya Idi. Nywele zilimuota mbele tu, nyuma kipara, watu wakamcheka. Uji alitema, ndizi alipenda. Halali mpaka ashike sikio lako la kushoto, alisugue, alisugue, na ukivaa herini anakasirika. Ukaacha kuvaa.”

Nilipeleka mkono sikioni. Tundu la upande ule lilikuwa limeziba zamani. Siku zote nilidhani mimi si mtu wa herini.

Bibi aliendelea, na sauti ikaanza kubadilika. “Asubuhi ile nilimwogesha. Maji yalikuwa ya moto zaidi kidogo, nikangoja alie, hakulia. Nikamgusa shingo. Nikamwita Bakari. Nikapanda pikipiki, nimemfunika leso usoni kwa sababu ya vumbi, na njiani nilihisi mkono wake unaniachia sikio.” Machozi yalimtiririka mpaka masikioni. Alikuwa analia kwa sauti yangu. Naijua sauti yangu. Ilitoka kwenye kifua kile kikongwe, ikimwita mwanangu mwanangu.

Nilisimama pale nikisikiliza. Nilihuzunika, kama unavyohuzunika ukisikia habari za mtoto wa jirani. Nilijitafuta kila mahali, hapakuwa na zaidi ya hiyo.

Nilingoja mpaka akatulia. “Bibi, siku ile uliniuliza?”

“Nilikuuliza.”

“Nikasemaje?”

Mtoto alianza kuhangaika mgongoni, nikamtikisa.

“Mara ya kwanza hukujibu,” alisema. “Mara ya pili ulisema hutaki. Ya tatu ulisema, niachie mwanangu.”

“Kisha?”

“Kisha nikakutua.”

“Yule dereva wa lori alikuomba, ukamfukuza. Mimi nilikukataza.”

“Yule hakuwa wangu.” Alifumbua macho. “Mama yako alikuwa amenishika miguu hapa analia, lakini sikufanya kwa ajili ya mama yako. Nilikuwa nimezoea kukusikia ukipanda ngazi asubuhi. Nikasema, huyu akienda baharini, nani atapanda tena? Nilichukua. Na nilivyompata yule mtoto, nikampenda. Sina mwingine, Mishi. Wote nilionao ni wa watu, na yeye ndiye ninayemwita.”

Nilielewa basi kwamba hakuniondolea tu. Alijipatia.

Alinyoosha mkono juu ya shuka, kiganja juu, kama wanavyofanya watu wanaoaga. “Niwie radhi, mwanangu.”

Kwetu hilo halikataliwi. Mtu akikuomba radhi kitandani unampa, hata kama alikuchomea nyumba. Nilitafuta namna ya kumpa, Mungu anajua nilitafuta.

“Aliyekukataza ndiye wa kukuwia radhi,” nilimwambia. “Mimi simjui yule. Unaye wewe huko ndani. Muombe yeye.”

Aliurudisha mkono chini ya shuka, akageukia ukutani. Nilipofika mlangoni alisema, bila kugeuka, “Ukuta wa nyuma, karibu na mwarobaini mdogo.” Sikuwa nimemuuliza. Alikufa siku hiyo hiyo kabla ya magharibi.

Wanawake kwetu hatuingii makaburini. Nilisimama nje ya ukuta, kwenye njia ninayopita kila siku nikienda sokoni, nikachungulia juu ya mawe. Mwarobaini niliuona. Chini yake kulikuwa na vilima vidogo kadhaa vimeota majani, na sikuweza kujua ni kipi. Mtoto alikuwa amelala.

Mwanamke mmoja muuza mboga alikuwa anapita, mtu wa makamo ninayemjua kwa sura, beseni la mchicha kichwani. Alinivuka, akapunguza mwendo, akarudi. Alitazama nilikokuwa natazama. Akanitazama mimi. Nikaona jinsi anavyojiuliza, na jinsi alivyoamua.

“Pole, mwanangu,” alisema.

Hakuna aliyewahi kuniambia hivyo. Miaka yote ile, mji mzima.

“Nishapoa,” nikamjibu, kama tunavyojibu sote, na ilikuwa kweli. Alisimama akingoja. Alipoona macho yangu yamekauka na hayabadiliki, akajifunika uso kwa mtandio akaanza kulia yeye, beseni likamyumba kichwani. Nikalipokea, nikamshikia mpaka alipomaliza.